Mama Geuza na Mteja Makini

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja kidogo. Leo tunamkumbuka mtarizi. Alikuwa na jina lake la kuzaliwa, lakini mtaani tulimwita Mama Geuza, na ukimwita vingine hakuitika. Mama Geuza alituaga Jumanne iliyopita, saa nane mchana, akiwa na miaka sitini na nane. Arobaini na mitano kati ya hiyo alikuwa ameshika sindano.

Kwa nini Geuza? Kwa sababu ukimpelekea kitambaa, kiwe na maua mazuri namna gani, hakukisifu. Alisema tu, "Geuza." Nyuma ndiko yanakojificha mafundo na nyuzi zinazoning'inia, na uvivu wote wa fundi. Vitambaa vyake yeye vilikuwa safi nyuma kama mbele.

Sasa, marehemu husifiwa, na huyu nitamsifu. Lakini alikuwa na wivu. Narudia, wasikilizaji wapendwa: Mama Geuza alikuwa na wivu, na wivu wenyewe ulikuwa wa mtu mmoja tu, mdogo wake wa tumbo moja.

Walifanya kazi chumba kimoja, chenye dirisha moja. Mkubwa ndiye aliyemfundisha mdogo hata kutunga uzi. Kwa miaka yote hiyo mdogo hakumkabidhi mteja kazi kabla dada hajaigeuza.

Kisha yakaja mafunzo. Mkufunzi alikodi ukumbi, akawaita watarizi wote. Aliwafundisha kupunguza ua la shuka likae kwenye mfuko wa begi, kuchagua rangi tatu badala ya kumi, kupiga picha kwa simu na kufungua ukurasa wa biashara mtandaoni. Mama Geuza aligoma. "Mimi huyu nifundishwe maua na mtu ambaye kifungo chake mwenyewe kinalegea?"

Mdogo alikwenda. Ndani ya miezi minne alikuwa na wateja asiowajua hata kwa sura. Akalisogeza benchi lake karibu na dirisha, apate mwanga wa picha. Mama Geuza akanuna wiki nzima.

Lakini si benchi lililomuuma. Si wateja pia. Binti yake anasema, "Mama aliumia kwa sababu mama mdogo aliacha kumletea kazi aikague. Alikuwa anaitazama kwenye simu, anaipiga picha, imekwisha. Mama akabaki pale kama kabati."

Hapo ndipo roho ilipomchoma hasa. Mama Geuza aliona amestaafishwa bila barua. Kila simu ya mdogo wake ilipolia, yeye alijichoma kidole.

Basi akafanya nini? Awamu ya pili ya mafunzo ilipofunguliwa, alikwenda. Alisema anamsindikiza binti yake. Akakaa nyuma kabisa, mkoba mapajani, akauliza maswali mengi kuliko wote. Alipojua kufungua ukurasa, hakuweka kazi yake hata moja. Alijipa jina la Mteja Makini, akamwandikia mdogo wake: "Begi zuri. Nyuma yake ikoje?"

Mdogo akatuma picha ya nyuma.

"Fundo la kushoto linaonekana," akajibu Mteja Makini.

Kesho yake Mama Geuza aliketi kwenye benchi lake akimtazama mdogo wake akifumua lile ua zima. Alifurahi jamani, tusidanganyane. Alifurahi mpaka akachemsha chai.

Mchezo huo ulikwenda miaka miwili. Mteja Makini hakununua hata leso. Aliuliza nyuma, akakosoa, mdogo akafumua. Na kazi za mdogo zikazidi kuwa safi, wateja wakazidi, na Mama Geuza akazidi kuumwa na wivu. Hakuona kwamba anamnoa yule yule anayemwonea kijicho.

Nilimuuliza mdogo mtu alijua lini. Akacheka. "Siku ya kwanza. Mteja gani anauliza nyuma? Wateja wanauliza rangi na bei."

Mbona hukumwambia?

"Ningemwambia angeacha. Na mimi niliona aibu kurudi kumwomba anikague, baada ya kujifanya najua."

Mwaka huu moyo wa Mama Geuza ulichoka, akawa mtu wa kitandani. Mdogo alihamia chumbani kwake. Akikaa hatua tatu kutoka kitandani, alituma picha. Simu ya dada inalia. Dada anavaa miwani, anaandika. Simu ya mdogo inalia. Mdogo anafumua.

Jumatatu, siku moja kabla hajatuaga, Mteja Makini alitazama picha muda mrefu. Akaweka simu chini, akasema kwa mdomo wake: "Nimekuonea wivu sana, mdogo wangu."

"Najua, dada."

"Lete hicho kitambaa chenyewe. Picha zinadanganya."

Akapewa. Akakigeuza mwenyewe, akapitisha kidole polepole. Hakupata fundo.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole binti yake, tunampa pole mdogo wake, na mafundi wote waliowahi kuambiwa wageuze. Mungu amlaze pema. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu anakuchunguza kwa jicho la husuda, jiulize leo ni nani mwingine anayeitazama kazi yako kwa makini kiasi hicho.

Juzi mdogo mtu aliweka mtandaoni kazi mpya. Watu mia tatu wameipenda. Wameuliza rangi, wameuliza bei. Mpaka naingia studio, hakuna aliyeuliza nyuma yake ikoje.