Mkono Utakaoshonwa Tumboni

Kijiwe kile cha mtaa wa Nyakato kimeegemea ukuta wa karakana ya kuchomelea mageti. Benchi ni moja, refu, mguu wake mmoja ulishavunjika ukawekewa rimu ya gari, na kila asubuhi Malimi anafika na birika lake la kahawa, wanaume wanakaa wanaamua mambo ya nchi. Siku hiyo Akumu alifika saa nne, kanga yake inanuka dawa za wodini, siku ya tano macho hayajafumba sawasawa. Alikuwa amemfuata mumewe. Otuoma alirudi juzi kutoka kuvua visiwani, wodini hajakanyaga bado; asubuhi akaaga nyumbani kwamba anakwenda hospitali kumwona mtoto, akaishia hapo benchini, eti anaomba ushauri. Wanawake hawakai kijiweni pale. Akumu akasimama juani.

— Shikamooni.

— Marahaba, Mama Favour. Pole na mgonjwa, akajibu Bunge, mzee aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna hoja inayopita kijiweni bila yeye kuichangia.

— Asante, baba. Baba Favour, twende, daktari anakungoja, upasuaji ni saa nane! Amesema ule mkanda wa mashine ya kusaga umechuna ngozi yote nyuma ya kiganja, mishipa ya vidole iko nje, mfupa unaonekana, na ngozi nyembamba ya kubandika haishiki juu ya mfupa, kwa hiyo watainua ngozi ya tumboni na nyama yake, hawaikati yote, inabaki imeshikana na tumbo, ndiyo wanaishonea mkononi, mtoto anakaa hivyo wiki tatu mpaka ngozi ipate damu ya mkono, halafu wanaachanisha. Tukichelewa mishipa inakauka, vidole havitafumba tena. Bodaboda ile pale.

— Tulia kwanza, shemeji, alisema Injinia, mchomeleaji, ambaye chuo cha ufundi amekiona kwa nje tu. — Mimi nina miaka kumi na tano kwenye kazi hii. Kiraka kinatoka kwenye bati lingine. Ukikata kiraka kwenye geti lile lile, si umelitoboa geti?

— Ngozi inavutika, kaka. Tumbo wanalivuta wanalishona. Siyo bati hilo.

— Ngoja, ngoja, akadakia Bunge. — Tumbo lina kazi yake. Linapokea ugali. Mtoto akishiba, huo mkono si utavimba?

Benchi zima likacheka. Akumu hakucheka.

— Tena ni wa kike, Injinia akaongeza. — Akija kubeba mimba, mkono nao utabeba?

— Na ng'ombe je? Bunge akamgeukia Otuoma. — Ninyi Wajaluo binti hatoki bila ng'ombe. Nani ataswaga ng'ombe wake mpaka kwako, kuja kuoa binti mwenye tumbo mkononi?

Otuoma alizungusha kikombe chake.

— Unasikia, Mama Favour? Siyo mimi, wanasema watu wazima. Kuna mama yuko Usagara, anapaka mafuta ya kondoo, nyama inajaa yenyewe.

— Inajaa juu ya mfupa?

— Kwani haraka ya nini?

Hasira ilimpanda Akumu mpaka masikioni. Yeye ndiye aliyeshika miguu ya mtoto wakati daktari anachora mstari wa bluu tumboni kwa kalamu. Aliuliza yote: atalalaje, ataogaje, ataumia kiasi gani. Nesi alimwambia sahihi ya mama inatosha. Lakini aliogopa. Jambo likiharibika, ukoo mzima utamnyooshea kidole yeye, mama aliyemshonesha mwanawe. Ndiyo maana alimtaka mtu wa kuogopa naye. Hawa walikuwa wanakunywa kahawa.

Hapo akafika mwendesha guta la mizigo aliyeleta uma wa gurudumu la mbele uliokatika, uchomelewe. Alisikiliza kidogo, akajikuna shingo.

— Samahanini wakubwa. Mkono upi?

— Upi nini? akauliza Bunge.

— Wa mtoto. Wa kulia au wa kushoto?

Injinia akamtazama Bunge. Bunge akamtazama Otuoma. Otuoma akaitazama mikono yake mwenyewe, mmoja, halafu mwingine, kama vile jibu liliandikwa humo. Malimi alibaki ameinamisha birika, hakimiminiki kitu.

Akumu alimtazama mumewe, ajibu yeye. Alimpa nafasi. Alimpa nyingine.

— Ninakwenda kusaini, alisema.

Alifunga kanga, akapanda bodaboda. Ilipowaka tu, Otuoma akainuka benchini.

— Wa kulia! alipiga kelele. — Mama Favour! Wa kulia!

Akumu hakugeuka. Ulikuwa wa kushoto.