Mapacha Wasioonana

Kitendawili! Mapacha wanakaa nyumba moja, mmoja upande huu, mwenzie ule, na tangu kuzaliwa hawajaonana.

Ndani ya Hiace ya kwenda Sofu, Bibi Laurentia alikuwa akimtegea kitendawili hicho Nyanda, mtoto wa abiria mwenzake. Mtoto kimya.

“Usimlaumu, bibi,” alisema Mwashi, mama yake. “Leo anaanza chekechea, na nyumbani ni Kisukuma tu. Naogopa mwalimu atamwona bubu.”

“Enzi zetu, kuanza shule hatukuulizwa neno, mwanangu. Unapitisha mkono juu ya kichwa. Ukigusa sikio la upande wa pili, umeandikishwa. Mimi niliuvuta mkono mpaka shingo ikauma!”

Mwashi alicheka, lakini hakuachia kiganja cha mwanawe.

Gari liliposimama Sofu, Nyanda alichomoa mkono, akaupitisha juu ya kichwa.

“Masikio, bibi.”