Honi Ndefu ya Kapteni Pelkey

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, Kapteni Emile Pelkey anastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha zimamoto cha Ashworth Falls kwa miaka thelathini na mmoja.

Alianza kwa kuosha magari na kukunja mipira ya maji, akawa dereva, kisha kapteni. Jikoni alijipandisha cheo mwenyewe: maharage ya Jumamosi ni yake, na mwingine akigusa mwiko anafukuzwa. Kuna Jumamosi king'ora kililia, akaondoka bila kuzima jiko. Jirani akaona moshi dirishani, akapiga simu kuita zimamoto. Tukageuza gari, tukaja kujizima wenyewe.

Lakini hatuwezi kumuaga bila kuutaja Ukumbi wa Lathrop, ingawa yeye angependa tuunyamazie.

Zamani kila aliyeajiriwa hapa alipandishwa kwenye dari la ukumbi ule wa maonyesho, akaguse boriti iliyoungua. Mwaka 1908 moto ulipoteketeza viwanda na makanisa ya mji huu, Lathrop ulibaki, kwa sababu wazimamoto wa siku zile walikaa juu ya paa wakilifunika kwa mablanketi yaliyolowa. Babu yake Kapteni alikuwa mmoja wao. Ukishaigusa boriti ile unaapa kwamba Lathrop hautaungua mikononi mwako.

Januari, miaka sita iliyopita, uliungua, na zamu ilikuwa yetu. Moto ulikuwa umeingia ndani ya kuta. Wanne kati yetu tulikuwa ghorofa ya juu.

"Kapteni, bado kidogo tu, tunaumaliza!" nilimwambia kwenye redio.

"Janelle, shukeni."

"Kapteni, ni Lathrop huu!"

"Naujua kuliko wewe. Una mtoto mchanga nyumbani. Shukeni!"

Hatukushuka. Ndipo akapiga honi ya gari, ile ndefu isiyobishiwa: kila mtu nje. Tulitoka tukinung'unika. Hatujamaliza kuvuka barabara, paa likaanguka, na boriti ya 1908 ikaenda nalo.

Hakufa mtu. Hata hivyo mji haukumshukuru. Mgahawani, Bi. Lorraine Cote wa duka la mikate alikuja kusimama mbele ya meza yake.

"Emile, babu yako aliuokoa kwa mablanketi. Wewe na magari yote hayo, imekuwaje?"

"Babu alikuwa na paa jipya, mama. Mimi nilikuwa na lile lile."

Akamaliza kahawa yake, akatoka. Wapo waliokaa miezi bila kumsalimia. Hakujitetea, wala hakumwambia mtu kwamba tulimbishia.

Siku hizi wapya hawaapishwi. Anawapeleka kwenye kiwanja kitupu cha Lathrop, anawaacha waanze kazi, kisha anapiga honi. Asiyeacha kila kitu na kukimbia anarudia, hata mvua inyeshe.

Asante, Kapteni. Binti yangu sasa yuko darasa la kwanza na anakujua kama mzee wa maharage tu. Akikua kidogo nitamweleza kwa nini alilelewa na mama yake.

Ijumaa, ukimaliza zamu, tutapiga honi ile ndefu, na safari hii inakuita wewe. Usibishe kama sisi. Vua kofia, toka, nenda nyumbani kwa mkeo, Bi. Colette. Siku zilizo mbele yako ziwe nyingi na tulivu.

Janelle Kosciak, kwa niaba ya zamu ya pili