Kura Tisa za Malachy Tuohy

Nilikuwa naanua nguo kwenye kamba, Jumatatu tarehe 9 Machi 2015, saa tisa alasiri, mvua imeshafika kwa jirani, kaka yangu Declan aliponipigia simu kutoka hospitali kuniambia kwamba baba ametutoka, nami nilimaliza kuanua, kwa sababu yeye mwenyewe asingekubali shuka zilowe kwa ajili yake. Mimi ni Noreen, mtoto wake wa pili, na familia imenituma niwasomee wasifu wake.

Marehemu Malachy Tuohy alizaliwa tarehe 2 Februari 1936 hapa Cloonagarve, kaunti ya Roscommon, mtoto wa tatu kati ya saba wa Batty na Delia Tuohy, akasoma shule ya kijiji kuanzia 1941 hadi 1950, kisha akaajiriwa kiwanda cha maziwa, akipokea madumu ya wakulima kila asubuhi, na hapo alijifunza jina la kila mtu, la ng'ombe wake, na la jirani aliyekosana naye. Tarehe 12 Septemba 1961 alimwoa mama yetu, Josie Kilbane, wakajaliwa watoto wanne, na Juni 1967 akachaguliwa diwani, kazi ambayo kwake ilikuwa mashimo ya barabarani, mitaro na mazishi, maana hakukosa mazishi hata moja, na wengi wenu leo mmekuja kumrudishia.

Najua mnangoja nifike 1981, naona mnavyotabasamu.

Uchaguzi wa wabunge ulikuwa Alhamisi tarehe 11 Juni, chama kikasimamisha wawili, baba na Oliver Spelman, na kwa kuwa tunaandika moja, mbili, tatu mbele ya majina, na karatasi za anayetolewa kwa kuwa na kura chache huhamia kwa aliyeandikiwa mbili, hakuna balaa kwa mgombea kama watu kusikia kwamba yuko salama, maana namba moja humpa mwenzake, na kijiji kizima kilikuwa kimesikia. Ijumaa, kwenye ukumbi wa kuhesabia, watu wetu wameegemea uzio, kalamu masikioni, wakichungulia kila karatasi, mmoja wao, Packie Beirne, alipaza sauti, “Malachy, hata boksi la kura la shule yako limekukataa!”

Mama akasema, “Mimi pia nilimpa Oliver namba moja, wewe nikakupa mbili, si uko salama?”

“Nani kakwambia, Josie?”

“Wewe mwenyewe, Jumatano, mdomo umejaa keki.”

Saa kumi jioni kilibaki kiti kimoja kati ya viti vya jimbo letu, baba yuko nyuma kwa kura mia tatu na tisini, ameshaanza kuzungumzia kurudi kwenye madumu, ndipo Oliver akatolewa, karatasi zake zikapangwa upya mezani, na Packie akaanza kupiga kelele, “Mbili Tuohy! Mbili Tuohy! Mbili Tuohy tena!” hadi msimamizi akatishia kumtoa nje, na baba akashinda kwa kura tisa, akabebwa mabegani, kiatu chake kimoja kikapotea na hakijaonekana hadi leo. Oliver ndiye aliyebeba jeneza asubuhi hii, upande wa kushoto, mbele.

Alikaa bungeni Dublin hadi 1989, akatuletea maji ya bomba mwaka 1984, akarudi udiwani hadi 1999, na tangu siku ile hakusema tena kwamba ana uhakika wa jambo lolote, hata mvua. Figo zilianza kumsumbua 2012, akaugua bila kulalamika sana, isipokuwa kuhusu chai ya wodini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotujazia jikoni mikate na nyama, na wenzake wa vyama vyote, waliompinga miaka thelathini na bado wamekuja.

Supu na viazi viko tayari ukumbini. Nimewahesabu wetu mara mbili, mama, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, wote wapo, hakuna aliyebaki nyumbani akidhani wengine wanatosha. Lala, baba, kwa amani uliyoifanyia kazi, safari hii uko salama kweli.