Kiingereza Kilichonifutia Dhambi

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi; Baba Mchungaji Justus, mlezi wa shule hii; Mzee Revocatus, Mwenyekiti wa Baraza la Wazee, ambaye suti yake leo imepigwa pasi hadi inatutisha; wazee wa kanisa, wazazi wenzangu wa Ntalikwa, akina mama wa kwaya na watoto wetu: Bwana Yesu asifiwe. Na ninyi majirani mliosimama nje ya uzio, kwa sababu kadi za mwaliko ziliisha ghafla zilipofika nyumbani kwenu: asalaam aleikum. Mzee Revocatus, kunywa maji, ni salamu tu.

Jana niliombwa nihutubie kwa Kiingereza, ili mgeni rasmi aone kwamba shule hii ina mwalimu mkuu kweli. Nimekataa. Ninalotaka kusema nataka lieleweke hadi kule nyuma kwenye masufuria ya pilau. Kuna mtoto anaitwa Ummy, ana miaka sita, mjukuu wa Bi Asmahani, jirani yetu ukuta kwa ukuta. Alifanya usaili pamoja na wenzake, akawa wa pili, na juzi jina lake likaondolewa. Kabla utepe haujakatwa, nataka tujue kama Ummy anaingia darasani au haingii. Ili mnielewe, niruhusuni nianzie mbali.

Miaka saba iliyopita niliondoka hapa kwenda Oman, mji wa Ibra, kufundisha Kiingereza katika shule binafsi. Mnakumbuka mlivyonisindikiza? Kila mtu na onyo lake. Levina, Waarabu watakunyang'anya pasipoti. Levina, watakusilimisha kabla hujafungua begi. Levina, usile usichokipika mwenyewe. Na walionionya, wengi wao safari yao ya mbali kabisa iliishia Igunga. Nikayabeba maonyo yote, pamoja na madumu mawili ya asali, nikaenda.

Huko nako wana yao. Wazazi wa shule ile waliahidiwa Mwingereza, wakaletewa mimi. Siku ya kikao cha kwanza baba mmoja alinitazama kuanzia viatu hadi nywele, kisha akamuuliza mkuu wa shule, mimi nasikia, kama Tabora iko Uingereza. Mkuu akamjibu kwamba si mbali sana. Nami nikanyamaza, maana nilihitaji kazi. Kwa hiyo msijione ni ninyi peke yenu mnaokipenda Kiingereza kuliko mtu anayekifundisha.

Nilikosea mengi. Ramadhani ya kwanza nilikuwa najificha stoo ya vitabu mchana, nakula chapati yangu harakaharaka, nikidhani hakuna ajuaye. Siku ya nne nikakuta wanafunzi wangu wameniwekea humo kiti na feni, na hakuna aliyenitajia neno. Lakini kosa langu kubwa lilikuwa la kahawa. Kule mgeni hutiliwa kahawa katika kikombe kidogo, na asipokitikisa anapokirudisha, maana yake anataka tena. Ningejuaje? Nimelelewa na Mama Pelagia, huyu hapa mbele, kwamba cha mwenyeji hakikataliwi. Nikanywa cha kwanza, nikanywa cha tano, nikanywa cha tisa. Kwenye cha kumi na moja, moyo unanidunda na mikono inatetemeka, kikongwe mmoja aliyekaa kimya pembeni akanena kwa Kiswahili cha hapahapa kwetu: "Mwanangu, tikisa kikombe. Hawa watakuua kwa heshima."

Jina lake Bibi Zuwena. Alizaliwa Tabora mjini, mababu zake walifika na misafara ile ya zamani ya Waarabu, akaondoka akiwa msichana. Alinisalimia kwa Kinyamwezi, mwangaluka. Aliniuliza kama maembe bado yanaoza chini kwa wingi kila msimu. Nilipompelekea asali, alilamba kidole akalia, nami nikalia, na tangu siku hiyo akaniita mwanawe.

Sasa sikilizeni jinsi nilivyosilimishwa. Bibi Zuwena alipogundua kwamba nina miezi mitatu sijasali na Wakristo wenzangu, alikasirika kwelikweli. Makanisa yako Maskati, na ibada kule ni Ijumaa. Akamwita mwanawe Abasi, na kuanzia hapo, Ijumaa moja baada ya nyingine, Abasi alinipeleka kwa gari lake mwendo wa saa mbili, akaenda kuswali msikitini kwake, akarudi kuningoja kwenye geti la kanisa. Siku moja niliona uvivu, nikasema leo siendi. Bibi akanifokea kwamba mtu asiyemkumbuka Mungu wake hali chakula nyumbani mwake. Nikaenda.

Turudi huku nyumbani. Sikukuu ya Idi ya mwaka wangu wa tatu nilipiga picha na bibi huyo, nimejitanda mtandio, nikamtumia mama. Mama kwa furaha akawaonyesha watu, na Mzee Revocatus akaiona. Ndugu wageni waalikwa, baraza lililotumia miaka minne kuamua rangi ya mlango wa kanisa lilitumia jioni moja tu kuamua dini yangu! Kisa, mtandio. Nikitazama hapa, kwaya nzima mmejifunga vitambaa kichwani, na mke wa Mzee Revocatus kajitanda wa kijani unaompendeza sana. Je, naye tumfungulie shauri? Hakuna aliyenipigia simu hata kuniuliza. Jina langu likafutwa kwenye kitabu cha washirika, na tangazo likasomwa ibadani mama yangu akiwa ameketi benchi la tatu.

Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo mpaka leo, siifichi. Lakini langu mimi ni dogo. Mwaka uliofuata mama aliteleza akavunjika nyonga, na akina mama wa jumuiya hawakufika kumwona, kwa sababu nyumba ile ilikuwa imeingia doa. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mimi kutoka Ibra ningefanya nini zaidi ya kupiga simu na kulia? Aliyemwogesha mama, aliyempikia ugali na mlenda, aliyemgeuza kitandani miezi saba, ni Bi Asmahani, yule pale kwenye uzio mwenye kanga ya zambarau. Jumapili alikuwa akimfungulia redio asikilize ibada, kisha anakwenda kufua mashuka. Ummy alikuwa mdogo, akicheza sakafuni pembeni ya kitanda. Akufaaye kwa dhiki mnamjua anavyoitwa, sina haja ya kuwamalizia.

Mwaka jana nikarudi. Nikangoja niitwe kutubu, tena nilishaandaa majibu makali. Wapi! Baraza lilikuwa limeamua kufungua shule ya Kiingereza, majengo yapo, madawati yapo, mwalimu mkuu hayupo. Nikarudishwa kitabuni kwa dakika kumi, bila sala, bila swali, na chai ya maziwa nikapewa. Tangu utoto mmenifundisha kwamba dhambi huoshwa kwa damu ya Mwanakondoo. Hamkuniambia kwamba Kiingereza nacho kinaosha.

Basi nilipouliza kosa la Ummy, Mzee Revocatus alinieleza kwa upole kabisa kwamba si chuki, ni kumwonea huruma mtoto, maana Mwislamu mmoja kati ya watoto wetu atajisikia mpweke. Mzee wangu, mimi nilikuwa Mkristo mmoja kati ya watoto mia tatu wa Kiislamu, na upweke wangu waliuwekea feni. Sisi tumeshindwa nini? Baba Mchungaji, wewe uliniambia suala ni gumu, tuliombee. Tumeliombea siku tatu. Mimi nimemaliza kuomba.

Orodha ya wanafunzi ni hii, na ratiba inasema niisome mimi. Majina arobaini yamechapwa; la arobaini na moja nimeliandika leo asubuhi kwa mkono wangu. Naiweka hapa mezani na kalamu juu yake. Anayetaka kulifuta jina la Ummy aje alifute sasa, mbele ya mgeni rasmi, bibi yake akimtazama, mama yangu akimtazama. Akimaliza, apande hadi mstari wa juu palipoandikwa Mwalimu Mkuu, afute na langu. Si kazi ngeni kwenu.

Nangoja.

Mzee Revocatus ameitazama kalamu, akamtazama mkewe, na hajainuka. Baba Mchungaji ameinuka. Simwoni akija mezani. Anakwenda langoni, na lango amelifungua mwenyewe. Mungu akubariki, Baba.

Waheshimiwa, nimesema kwa ukali nanyi mmenivumilia. Kwa masikio yenu nasema asanteni sana. Ummy, mwanangu, njoo usimame mstarini na wenzako. Mama, sogea kidogo, Bi Asmahani akae.