Jina Lililopakwa Rangi Tadei Akiwa Hai

Ndugu zangu mliofika hapa Mollo, kabla sijataja tarehe hata moja, mjue kwamba zile shilingi elfu mbili alizoleta jana mchana Ndugu Eustaki, katibu wa kamati ya jina la meli, nimemrudishia na bahasha yake, mbele ya mjane na mbele ya katekista, kwa kuwa zilikuja na sharti, na rambirambi yenye sharti sijaiona tangu nizaliwe. Aliniambia, "Flavian, soma alizaliwa, alioa, aliugua, basi, usituharibie msiba." Nikamjibu kwamba msiba ni wa kwetu, na aliyeuharibu sisi tunamfahamu. Sasa nasoma, na sirukii kitu.

Marehemu kaka yangu Tadei Clemens alizaliwa hapahapa Mollo tarehe 2 Februari 1931, akiwa mtoto wa pili wa mzee Clemens na mama Kristiana, akabatizwa mwezi huohuo, akaingia shule ya misheni mwaka 1940 na kuishia darasa la nne, karo ilipokosekana kwa watoto wawili, mimi nikabaki nyumbani na ng'ombe, kusoma nikajifunza mwenyewe kwa magazeti ya kufungia sukari, kwa hiyo nikikosea herufi mnivumilie, lakini tarehe sikosei.

Mwaka 1952 aliteremka ziwani, akaajiriwa kuchochea moto katika meli ya abiria iliyokuwa ikipita Kasanga, Kipili na Kigoma, akapanda hadi kuwa fundi wa injini, na tarehe 14 Juni 1958 alirudi kwa likizo akafunga ndoa na Agnesi, binti wa kijiji cha Pito, wakajaliwa watoto wanne, ambao ni Beda, Kristiana, Polikarp aliyetangulia mbele ya haki mwaka 1965, na Clemens. Mwaka 1966 alichukuliwa katika boti ya doria ya Kipili, akavaa sare, na mama yetu alipoiona sare hiyo aliuliza kama majini nako kuna wezi, Tadei akamwambia, "Mama, wapo, ila wengi wako nchi kavu."

Sasa nafika pale nilipoambiwa nisifike. Tarehe 19 Machi 1972, saa tisa alasiri, upepo uliharibu usukani wa mtumbwi wa injini uliotoka Kirando na abiria ishirini na watatu, ukawa unasukumwa kwenye mawe, boti ya doria imefungwa gatini, mkubwa wake amekwenda kwenye shughuli zake, na amri ilikuwa kwamba boti isiondoke bila ruhusa. Tadei aliwasha injini. Kamba ya kuvutia ilipokatika, alichukua mnyororo wa plau, ambao alikuwa amenunua kwa ajili ya ng'ombe wetu wa Mollo na ulikuwa bado kwenye gunia, akaufunga kwenye mtumbwi kama anavyofungwa ng'ombe wa mbele, akauvuta taratibu mpaka Kipili, na watu wote ishirini na watatu wakashuka kwa miguu yao. Mmoja wao ni Ndugu Ambwene, mfanyabiashara kutoka Mbeya, yule pale amekaa karibu na jeneza, muulizeni.

Kwa kazi hiyo Tadei alishitakiwa kutumia chombo cha umma bila ruhusa, mwezi wa tano akaachishwa kazi, mnyororo ukachukuliwa kuwa kielelezo na haukurudi, mwaka huo tukalima kwa kamba ya katani, na mwaka 1974 tulipohamia kijijini pamoja na wengine, alipewa kazi ya kutunza mashine ya kusaga, akaifanya bila kinyongo, kinyongo nilibaki nacho mimi.

Vijiji vyetu vilipochangia meli mpya ya doria, mkutano wa jina ulifanyika mjini Sumbawanga tarehe 11 Desemba 1976, wavuvi wa Kipili wakamtaja Tadei, Ndugu Eustaki akamtaja baba yake, marehemu mzee Leonsi, ambaye mimi simtukani, alitugawia nyama mwaka wa njaa, ila ziwa aliliona mara moja tu, akiwa juu ya lori, akaomba lirudi. Ndugu Eustaki akasema aliyeachishwa kazi kwa kuvunja amri hawezi kuwa jina la chombo cha amri. Ndugu Ambwene akasimama, akasema, "Ndugu mwenyekiti, amri ingefuatwa siku ile, mimi ningekuwa nimeshaliwa na migebuka, na wewe ungekula migebuka hao." Watu wakacheka, na Ndugu Eustaki alipoona mambo yanamwendea kombo akabadilisha, akasema mtu aliye hai hapewi meli, kesho anaweza kulewa akaliaibisha jina. Hapo Tadei mwenyewe alinyanyuka, akasema, "Ni haki. Basi ngojeni, sitawachelewesha sana." Mkutano ukakubali meli iende na namba tu, ingoje.

Mwezi wa nne mwaka huu ini lilianza kumsumbua, tarehe 9 Mei akalazwa, na mwezi wa sita Ndugu Eustaki alikuja wodini na machungwa, akamsalimia mgonjwa kwa haraka, akatoka nje na mhudumu, shemeji Agnesi akamsikia akiuliza, "Atafika mwezi wa tisa huyu?" Najiuliza mpaka leo, mtu anayemwombea mgonjwa apone anauliza mwezi? Siku ya Saba Saba meli ikapakwa rangi, ikaandikwa LEONSI, mkutano haukuitwa, na Tadei alikuwa hai, anakunywa uji. Alipomuuliza mkewe meli imeandikwa nini, shemeji alimwambia bado ni namba, akasema, "Vizuri," akageukia ukutani. Kama alijua au hakujua, sijui, na shemeji hataki aulizwe tena.

Alifariki tarehe 24 Agosti 1977, saa nne asubuhi, na kabla hatujamtuma mtu yeyote, lori la kamati lilikuwa limeshasimama nje ya hospitali kusaidia kubeba mwili. Nani aliwaambia? Tuliwashukuru, tukambeba kwa mkokoteni wa ng'ombe.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi waliomhudumia usiku na mchana, majirani wa Mollo na Pito mlioleta kuni, maharage na unga, wenzake wa mashine ya kusaga mliochimba kaburi, na wavuvi wa Kipili mliopanda mlima wote ule kuja kumzika mtu mliyemtaja wa kwanza.

Kaka Tadei, umefanya kazi, pumzika, Mungu akupe amani. Mnyororo wa plau tumeusamehe. Jina hatujalisamehe. Ndugu Eustaki, uko hapo nyuma nakuona, mlisema mtu aliye hai hapewi meli, na sasa huyu hapa amelala: kabla ya arobaini yake, futeni lile, andikeni TADEI.