Mama Dorkasi na Taa Iliyokataa Kugeuka Nyekundu

Baada ya miaka kumi na saba ya kutomwamini mtu yeyote, Mama Dorkasi Shekalaghe anastaafu Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025. Ndiye mkaguzi wa kwanza kuajiriwa na ofisi yetu ya mandhari hapa Korogwe, na hadi leo ndiye mkaguzi pekee, kwa sababu wote walioletwa kumsaidia aliwakataa. Alisema wanaamini upesi mno.

Kwa wageni wetu ambao bado wanadhani tunauza picha za ukutani: sisi tunatengeneza viwanja vya ndege vya kwenye kompyuta. Shule za urubani huviweka kwenye simuleta, ile mashine ambayo mwanafunzi anajifunzia kuruka na kutua huku miguu iko sakafuni. Kazi ya Mama Dorkasi ilikuwa kuhakikisha taa za kuongozea ndege kutua zimekaa kama zilivyo kwenye kiwanja chenyewe, mahali pake na rangi yake.

Alizishuku picha za setilaiti. Alizishuku ramani. Ukimpelekea picha, aliuliza imepigwa mwaka gani, na nani, na huyo mtu alikuwa na haraka ya kwenda wapi. Kuna mwaka alipanda basi hadi kwenye kiwanja tulichokuwa tunakichora, akasimama nje ya uzio na darubini yake akikagua taa. Walinzi nao wakamshuku yeye. Ikabidi mkurugenzi wetu, Simeo, apigiwe simu aeleze kwamba yule mama wa kitenge si jasusi. Jamani, kilichomuudhi si kukamatwa! Kilichomuudhi ni kwamba walinzi walimwachia kwa maneno matupu ya simu, bila kudai hata kitambulisho.

Maziwa ya chai ya ofisi aliyanunua mwenyewe, na bado aliyanusa kabla ya kuyamimina. Mimi ninayeandika nimekaa naye meza moja miaka mingi, na ugonjwa huo umeniambukiza. Siku hizi hata nikisifiwa najiuliza huyu anataka nini.

Yeye ndiye aliyetuanzishia taa ya mtego. Kabla kazi haijatoka, mmoja wetu kwa zamu anaharibu taa moja kwa siri, bila kumwambia mtu. Mama Dorkasi anaitafuta. Akiipata anairekebisha na kazi inatoka. Asipoipata, hakuna kutoka. Aliipata kila mara, na akiipata alipiga kigelegele kimoja kikavu, tukajua leo tunawahi nyumbani.

Mtego huohuo ndio nusura umponze binti wa watu. Miaka mitatu iliyopita, shule moja ya urubani iliyokuwa inatumia kiwanja chetu ilitaka kumwondoa mwanafunzi aitwaye Salome, wa Chanika pale Handeni. Kila akitua kwenye simuleta alishuka chini kupita kiasi. Wenzake walitua vizuri. Mkufunzi akasema hana jicho la urubani, akampangia jaribio la mwisho, akishindwa arudi kwao. Shule ikatuuliza, kwa adabu tu, kama taa zetu ni sahihi. Simeo akajibu kwamba zimepitishwa na Mama Dorkasi. Jibu hilo liliwatosha watu wote isipokuwa Mama Dorkasi.

Akaomba ruhusa aende akajionee. Mh! Hapo nami nikaanza kumtilia shaka. Kwa nini ahangaike hivi kwa ajili ya mtoto asiye wake? Nikahisi ni ndugu. Kisha nikakumbuka ana kijana ambaye hajaoa, nikasema kumbe anatafuta mkwe. Nikamfuata kwa kisingizio cha kumbebea kompyuta.

Aliketi nyuma ya Salome akakodolea macho taa nne zilizo kando ya barabara ya ndege kutua. Ukiwa kwenye kimo sahihi, mbili huwa nyeupe na mbili nyekundu. Ukishuka zaidi, moja ya zile nyeupe inapaswa kugeuka nyekundu ili ikuonye. Kwenye kazi yetu haikugeuka. Aliyeshuka sawasawa aliona kila kitu kiko sawa, na ndivyo Mama Dorkasi alivyoona alipokagua. Wenzake Salome nao waliteleza chini kidogo kama wanafunzi wote, ila walikuwa wanachungulia mshale wa kimo na kujirekebisha. Salome aliziamini taa, kama alivyofundishwa.

Tulipompigia simu mwenzetu Awadhi na kumtajia taa yenyewe, alisema ni mtego wake. Zamu ilikuwa yake, akauweka, halafu akaitwa msibani Kang'ata. Mwenzetu mwingine, Gerald, akadhani Awadhi ameondoka bila kuweka, naye akaweka wa kwake. Kwa kuwa mtego ni siri, hakuna aliyemuuliza mwenzake. Mama Dorkasi aliupata wa Gerald, akapiga kigelegele, akafunga kazi.

Simeo alitaka tutume marekebisho kimyakimya, tuseme ni maboresho ya kawaida, maana alihofia jina la ofisi. Lakini kwa maboresho ya kawaida mkufunzi angeendelea kuamini kwamba kasoro iko machoni mwa Salome. Mama Dorkasi akasimama mbele ya mkufunzi na darasa zima, akasema taa ni yetu, ni mbovu, na aliyeipitisha ni yeye. Mimi machozi yalinitoka, na hayakuwa ya kushuku kitu. Jaribio la mwisho likafutwa, Salome akabaki. Shule ikaacha kununua kwetu kwa muda mrefu, Simeo akanuna, baadaye akazoea.

Salome sasa ni rubani mwenye leseni. Aliposikia habari za kustaafu akaleta zawadi yake: kumrusha Mama Dorkasi kwa ndege ndogo kesho yake baada ya sherehe. Na hapa ndipo mjue kwamba mama huyu, pamoja na viwanja vyote alivyovikagua, hajawahi kupanda ndege. Alikuwa akisema hawezi kumpa roho yake mtu asiyemjua.

Tulipomfikishia mwaliko tulijiandaa kwa maswali: ndege ni ya mwaka gani, nani ameikagua, na huyo aliyeikagua amekaguliwa na nani. Nilikuwa nimeshatafuta majibu yote. Akasikiliza hadi mwisho, akauliza jina la rubani, tukamwambia.

Akasema atakaa mbele. Hakuuliza kingine chochote.

Asante, Mama, kwa kutotuamini miaka yote hii. Pumzika kwa heri na afya, na Jumamosi urushwe salama, utue salama.